Blogu ya biashara, Google na wateja wenye hasira: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi ni fundi wa friji na mashine za kufulia, kibanda changu kiko Tabata. Sio mtu wa kompyuta. Ila tangu mafundi wenzangu waone napigiwa simu na watu wa Mbezi na Kigamboni walionikuta Google, kila nikishuka Kariakoo kununua spea lazima kuna mtu atanivuta pembeni aniulize nimefanyaje. Nimechoka kurudia yale yale kwenye voisi za WhatsApp, kwahiyo nimeyamwaga yote hapa. Mpangilio haupo sana, tafuta swali lako.

Biashara yangu iko Instagram na wafuasi ninao, blogu ya nini tena?

Instagram mtu anakukuta anapitapita tu. Anacheka na video, anaona picha ya friji, anapita. Google mtu anakuja na shida mkononi. Ni saa nne usiku, samaki wa wiki nzima wanayeyuka, mume anauliza hii harufu ya nini, dada wa watu anashika simu anaandika "friji taa inawaka lakini haigandishi". Huyo hana mpango wa kumfolo mtu, anataka fundi.

Afu status ya WhatsApp inakufa baada ya masaa 24. Kuna posti moja ya friji kuvuja maji niliiandika 2021, sijaigusa zaidi ya mara mbili, na mpaka leo inaniletea simu. Usiache Instagram, sijasema hivo, ila Instagram ni kama kupiga kelele sokoni, ukinyamaza siku tatu hakuna anayekukumbuka.

Bei niandike? Wenzangu wote wanaandika "bei inbox"

Hili ndio swali langu la kwanza kwa umuhimu, nimeliweka la pili kwa makosa.

Andika bei. Jamani andikeni bei. Mtu anaweka picha ya kabati zuri, chini watu arobaini wameuliza "bei?" na yeye anajibu mmoja mmoja "njoo inbox dia". Ukienda inbox anakaa masaa sita, akijibu anakuuliza "upo wapi?", ukimwambia Masaki bei ni nyingine, ukimwambia Mbagala bei nyingine. Mteja anajua huo mchezo. Hata kama wewe huuchezi, ukiandika "bei inbox" ameshakuhesabu kwenye kundi la wanaoucheza.

Sasa njoo upande wa Google. Google inasoma maandishi yaliyopo kwenye ukurasa wako. Mtu anayetafuta "kujaza gesi ya friji bei gani Dar" atapelekwa kwenye ukurasa uliotaja gesi, friji, bei na Dar. Wa kwako umeandika "karibuni sana wateja wetu kwa huduma bora na za uhakika". Hapo Google itampeleka kwako kwa sababu gani? Yani kile kile kinachomkera mteja ndicho kinachokuficha Google, na watu wanalipa hela watatuliwe la pili huku la kwanza wamelikumbatia.

Utaniambia bei zinabadilika, dola inapanda. Sawa, andika "kuanzia". Mi kwangu imeandikwa hivi: kuja kuangalia ni elfu 15 kwa Tabata, Segerea, Buguruni na Ilala, ukikubali nitengeneze hiyo elfu 15 inakatwa kwenye bili, kuvuka kwenda Kigamboni inaongezeka nauli na nauli nakutajia kabla sijatoka. Wiki ya kwanza nilipoandika hivo simu zilipungua, nikaogopa. Baadae nikagundua waliopungua ni wale waliokuwa wananipotezea nusu saa halafu wanasema "ngoja nimuulize mzee".

Mimi sio mwandishi, hiyo blogu niandike nini?

Nunua kaunta buku. Kila mteja akipiga simu au akituma meseji andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, usilinyooshe. Swali likijirudia mara tatu hilo ni posti.

Nikupe mfano huo wa friji kuvuja. Kwenye buku langu ilikuwepo "fundi friji langu linakojoa ndani", "maji yanajaa chini ya droo za mboga", "kila asubuhi nadeki friji". Watu watatu, tatizo moja. Friji ikiyeyusha barafu yake ya ndani, maji yanashuka ukutani kwa nyuma, yanaingia kwenye kitundu kidogo hapo chini, yanatoka nje yanaangukia kwenye kitrei karibu na kompresa na joto la kompresa linayakausha. Kile kitundu kikizibwa na kipande cha mchicha au ganda la kitunguu maji hayana pa kwenda, yanarudi ndani. Nikaandika hivyo hivyo, nikapiga picha kitundu chenyewe kwa simu, na ule mchicha uliokauka nilioutoa kwenye friji la mteja nikauweka juu ya gazeti nikaupiga picha. Nikaeleza zima friji kwanza, mimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, tumia mrija laini, usichokoe na msumari wala kisu ukatoboa. Kama maneno mia nne tu. Kichwa cha habari nikaweka "Friji linavuja maji ndani chini ya droo za mboga", hicho hicho anachoandika mtu mwenye shida, sio "Umuhimu wa kutunza friji yako".

Posti za "Umuhimu wa" msiandike. Hakuna mtu aliyeamka saa tisa usiku akatafuta umuhimu wa kitu.

Ukiwafundisha watu kujitengenezea si unajikatia riziki?

Fundi mwenzangu mmoja Buguruni alinigombeza kweli, eti nauza siri za kazi. Kaka, siri gani? Kuzibua kitundu? Kwanza nikienda Mbezi Beach kuzibua kitundu nitamchaji mtu nini, mafuta ya pikipiki na foleni ya Mwenge vinakula yote.

Anayeweza kuzibua mwenyewe anazibua, anashukuru, na namba yangu ipo pale chini. Miezi miwili baadae kompresa inagoma, unadhani anamtafuta nani? Ila kuna mipaka, vya hatari sifundishi. Friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a na ile inashika moto, imeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. Hapo naandika wazi kwamba usiguse, ita fundi, hata kama sio mimi.

Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Andika kama mteja wako anavyoandika. Hapa Dar watu wanachanganya, "fundi fridge sinza", "washing machine haizungushi". Neno jokofu ni zuri na nalipenda, nalisikia kwenye taarifa ya habari, lakini tangu nianze kazi hajawahi kunipigia mtu akasema jokofu limeharibika. Mi natumia friji kwenye maelezo, afu sehemu moja mbili naweka fridge na jokofu kwa asili kabisa, bila kuyapanga kama orodha ya wanafunzi.

Ukitaka kujua watu wanaandikaje, fungua Google, anza kuandika "friji" halafu acha, angalia inakumalizia na nini. Ni bure. Ipo pia Google Trends, unachagua Tanzania unaona neno gani linatafutwa kuliko lingine. Na kile kisanduku cha nyuma ya tovuti cha kujaza "meta keywords", usijitese nacho, Google walishatangaza tangu 2009 kwamba hawakitumii kupanga matokeo.

Itachukua muda gani nianze kuonekana?

Mi simu ya kwanza ilikuja mwezi wa tano tangu nianze. Maile Ohye, alipokuwa Google, alisema kwenye video yao ya 2017 kwamba mara nyingi inahitaji miezi minne mpaka mwaka tangu uanze kurekebisha mambo ndio uone faida. Kwahiyo ukiona wiki ya tatu kimya usifute kila kitu. Ni kama kupanda mnazi, sio mchicha.

Kuna kijana kaniambia nimpe laki tatu aniweke ukurasa wa kwanza, niamini?

Hapana. Google wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Matangazo ya kulipia yapo, yanaandikwa kabisa kwamba limedhaminiwa, lakini ile nafasi ya kawaida haiuzwi. Kijana anaweza kukusaidia kazi halali, kutengeneza tovuti, kupunguza uzito wa picha, hiyo mlipe vizuri tu. Akisema "nina mtu Google", muage kwa heshima.

Na kabla hujampa hata shilingi muulize domeini, yani lile jina la tovuti, itaandikishwa kwa jina la nani. Kuna rafiki yangu muuza vitambaa, kijana aliandikisha kwa jina lake na imeili yake, wakagombana, tovuti ikaondoka na kijana. Jina liwe lako, imeili yako, paswedi yako.

Na ile ya kuonekana kwenye ramani inafanywaje?

Hii ningekuwa wewe ningeanza nayo leo jioni kabla hata ya blogu. Inaitwa Google Business Profile, zamani ilikuwa Google My Business, wakabadilisha jina 2021. Ni bure. Unajaza jina la biashara, kazi unayofanya, saa za kufungua, namba ya simu. Jina liwe lile lile la kwenye kibao chako, usiandike "Juma Fundi Friji Bora Dar es Salaam Bei Nafuu Tabata Sinza Kinondoni", watakufungia.

Kuhakiki kwamba biashara ni yako kweli, siku hizi mara nyingi wanataka video. Unarekodi bila kukata, unaonyesha barabara na majirani, unaonyesha kibao, unafungua mlango kwa ufunguo wako mwenyewe, unaonyesha vifaa ndani. Mi mara ya kwanza wamenikatalia kwa sababu nilirekodi jioni, kibao hakisomeki, na dogo wangu alikuwa anapita mbele ya kamera kila saa. Mara ya pili nikarekodi saa tatu asubuhi, ikapita.

Wenyewe Google wanasema kwenye ramani wanaangalia mambo matatu: unachofanya kinaendana na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, mtu akiwa Mbagala ataona wa Mbagala kwanza, usilie.

Saa za kazi ziwe za kweli! Umeandika unafunga saa mbili usiku, mtu katoka Gongo la Mboto kapanda daladala mbili anakuta kufuli. Huyo hata sio mteja uliyempoteza, ni adui.

Sina fremu, nafanyia nyumbani

Inaruhusiwa. Unaficha anwani, unachagua maeneo unayohudumia, mwisho ishirini.

Si nimwambie tu AI aniandikie?

Google hawakatazi kutumia mashine, wanachokataza ni kumwaga kurasa kibao zisizo na faida kwa mtu ili kulaghai matokeo, walikaza sheria hiyo Machi 2024. Mi nilijaribu. Iliniandikia "jokofu lako ni moyo wa jiko lako". Kuna mteja wangu mmoja mama wa Kiluvya anasoma kila kitu ninachoandika, angenipigia kuuliza kama naumwa.

Ichukue ikusaidie kupanga mawazo ukitaka. Lakini yenyewe haijawahi kutoa mchicha kwenye kitundu cha friji la mtu, haina picha, haijui kwamba umeme ukirudi kwa fujo mtaani kwenu friji zinaungua tatu kwa siku moja. Hicho ndicho ulichonacho wewe.

Nilisikia tovuti yako ilizimwa, ilikuwaje?

Hii naisimulia ingawa bado inaniuma.

Ilikuwa Januari, joto la Dar mnalijua, kwetu mafundi friji ndio mavuno. Nikalipia hostingi ya mwaka, yani pango la tovuti mtandaoni, kwa simu, muamala ukapita, meseji ninayo. Kesho yake mteja ananiambia "fundi umefunga biashara?" Nafungua tovuti naona "akaunti hii imesimamishwa". Nikapiga kastamakea. Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki tena. Akapokea dada mmoja mpole, akasema tuma risiti, nikatuma skrinishoti. Kesho yake akapokea mwingine, hana habari, tuma risiti. Wa tatu, tuma risiti. Imeili zinarudi "Mpendwa mteja, ombi lako limepokelewa" na namba ya tiketi, nikijibu ile imeili inafunguka tiketi mpya na namba mpya, nikawa na tiketi saba za shida moja. Siku ya tano kaka mmoja akanipa jibu ambalo silisahau mpaka naingia kaburini: "mfumo unaonyesha umelipa ila haujasoma".

Siku ya tisa nikafunga kibanda nikaenda ofisini kwao mwenyewe. Mapokezi wakaniambia mhusika ametoka kidogo. Nikakaa kuanzia saa nne asubuhi. Saa nane mchana akaja kijana na chipsi zake kwenye mfuko, akanisikiliza akiwa amesimama, akabonyeza bonyeza, akasema tayari. Dakika mbili. Siku tisa, na kazi yenyewe ya dakika mbili.

Upande wa Google ndio balaa lingine. Roboti lao, linaitwa Googlebot, linapita kusoma kurasa zako. Likikuta sava, ile kompyuta inayobeba tovuti, imelala kidogo linarudi baadae, haina shida. Likikuta siku nyingi mfululizo hamna kitu linaanza kuzitoa kurasa kwenye orodha. Kurasa zangu zilianza kurudi moja moja, ile ya kuvuja maji ilikaa wiki kadhaa haionekani, na joto ndio lilikuwa linaisha.

Sasa hivi nina kopi ya kila posti nyumbani kwenye flashi, domeini nimeiweka kampuni moja na hostingi kampuni nyingine, na nalipa siku thelathini kabla.

Ila sijamaliza. Nikiwa pale mapokezi nimenuna, simu ikaita. Ni mama mmoja wa Segerea, mashine yake ya kufulia ilikuwa kwangu wiki ya pili. "Fundi, vipi mashine?" Na mimi, bila hata kufikiri, nikamjibu "iko mezani mama yangu, kesho unaipata". Mashine sikuwa nimeifungua hata skrubu moja. Nikakata simu nikaangalia lile dawati la mapokezi, nikaona aibu peke yangu.

Mteja kanipa nyota moja, naifutaje?

Kama ni ya kweli hufuti. Unaweza kuripoti kwa Google maoni ya matusi, ya mtu ambaye hajawahi kuja, ya mshindani, wakikubaliana na wewe wanatoa. Lakini "huduma mbaya" ya mteja halisi inabaki.

Yule mama wa Segerea aliandika yafuatayo, nayakumbuka neno kwa neno: "Fundi anajua kazi ila muongo. Wiki tatu kesho kesho." Nyota moja. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Dogo akasema tumjibu tumwambie spea ilikuwa haipo. Spea ilikuwepo.

Nikamaliza mashine usiku ule ule, asubuhi nikaipakia kwenye guta mwenyewe nikampelekea, nikamwambia mama nimekosa, sikukwambia ukweli. Akanikaribisha chai lakini uso haukukunjuka. Ndio baadae nikajibu pale Google: "Ni kweli mama, nilikuahidi kesho mara nne na mashine sikuwa nimeigusa. Nimekurudishia leo, hela ya usafiri nimebeba mimi. Kuanzia sasa nikichukua kifaa nakuandikia tarehe kwenye karatasi." Basi. Hakuna "tunathamini maoni yako", hakuna "pole kwa usumbufu uliojitokeza" kama vile usumbufu umejitokeza wenyewe porini.

Hakuifuta. Aliibadilisha ikawa nyota tatu, akaongeza "alikuja mwenyewe kuomba radhi, mashine inafanya kazi". Kuna wateja wananipigia wananitania, "wewe ndio yule fundi wa kesho kesho?" halafu wanaleta friji.

Ile karatasi ya tarehe imenitoa jasho kuliko blogu yote. Maana sasa lazima utimize, na ukiona hutaweza unapiga simu wewe kwanza kabla mteja hajapiga. Kupiga simu kusema "mama leo haitawezekana, spea imekuja siyo yenyewe, Alhamisi saa kumi" inauma dakika moja.

Naweza kununua nyota tano?

Usinunue. Hata kumpa mtu punguzo ili akupe nyota ni kosa kwao. Kuomba tu inaruhusiwa, mi namaliza kazi namtumia mteja linki nasema ukipata nafasi andika ulichokiona, kizuri na kibaya. Na ukweli mtu akiona nyota tano hamsini zimeingia wiki moja zote zimeandika "huduma nzuri sana" anajua.

Mimi ndio mteja niliyetendewa vibaya. Niwaanike mtandaoni?

Waambie wenyewe kwanza kwa maandishi, sio simu, weka tarehe, namba ya muamala na unachotaka, yani hela irudi au kifaa kibadilishwe. Simu haina ushahidi. Wakikaa kimya, sehemu za kupeleka zipo: mambo ya simu na intaneti ni TCRA, umeme na maji ni EWURA, benki ni BoT, bidhaa mbovu na udanganyifu wa kibiashara ni Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Wengi watakuuliza kama ulianza kwa mhusika mwenyewe, ndio maana nasema andika.

Ukiamua kuandika hadharani andika kilichotokea tu. "Nililipa tarehe fulani, sijapewa mpaka leo" hiyo ni habari. "Hawa ni wezi wanashirikiana na wakubwa" hiyo unajitafutia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha kusambaza taarifa za uongo na hutaki kujua inavyofanya kazi. Na usimwanike yule dada wa mapokezi kwa jina na picha. Yeye mwenyewe hapewi majibu huko ndani.

Blogu ya biashara inataka leseni ya TCRA?

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Zile za 2018 ndio zilitisha, laki moja ya maombi, milioni ya leseni na milioni ya kila mwaka, blogu nyingi za watu wadogo zikafungwa. Kwahiyo usisikilize wa kijiweni anayekumbuka ya 2018. Ukitaka kuandika habari na mambo ya siasa huko ni kwingine kabisa. Kama ni maelezo ya bidhaa zako, chapisha kurasa zako mbili tatu za mfano uende nazo ofisi za TCRA, Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, uulize na uombe jibu la maandishi.

Tovuti yangu inafunguka taratibu

Picha. Ni picha siku zote. Umepakia picha ya simu ya MB 6 wakati mteja yuko kwenye daladala na bando la kuungaunga. Ipunguze kabla ya kupakia. Na ile video inayojicheza yenyewe juu ya ukurasa na muziki, toa.

Namba ya simu niiweke wapi?

Juu na chini, kwa maandishi, sio ndani ya picha ya tangazo, maana mtu hawezi kuibonyeza. Kwa WhatsApp unatengeneza linki ya wa.me, mkwaju, halafu 255 na namba yako bila ile sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Mtu anabonyeza chati inafunguka. Halafu jibu! Kuna mtu kanilalamikia Google haimletei wateja, nikamuomba simu yake nione, meseji 112 hazijasomwa.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Ipo Google Search Console, ya bure, inakuonyesha watu waliandika nini ndio wakakuona na wangapi walibonyeza. Angalia mara moja kwa mwezi, ukiangalia kila siku utapata presha. Usijitafute mwenyewe kwenye simu yako ukafurahi uko wa kwanza, simu imeshakuzoea.

Ila kipimo changu ni kile kile kaunta buku. Kila anayepiga dogo anamuuliza "umetupataje?" anaandika: Google, jirani, kibao, shemeji. Mwezi uliopita jirani na shemeji wakiunganishwa bado wanaishinda Google.

Naweza kukupigia nikuulize ambalo halipo hapa?

Piga. Jumapili asubuhi sipokei. Siku nyingine ukikuta nimelala chini ya friji atapokea dogo, mwambie swali lako taratibu, anaandika pole pole lakini anaandika. Nakurudishia jioni ile ile. Na ukiwa wa tatu kuuliza hilo hilo, rudi hapa wiki ijayo utalikuta.